Hakimiliki siyo hataza

"Kifaa hiki kina hakimiliki." Kauli hii husikika mno kwenye makongamano ya afya hapa Dar es Salaam, daktari au nesi anapoonyesha kifaa alichobuni wodini. Anachokusudia ni hataza, yaani haki ya kumzuia mtu mwingine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wako bila ruhusa, na mara nyingi bado hajaiomba.

Miliki bunifu ni jina la jumla la haki za mtu juu ya kazi ya akili yake: hakimiliki, hataza, alama za biashara na nyinginezo. Tatizo ni kuzichanganya.

Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoandikwa, kuchorwa au kurekodiwa. Bango la kunawa mikono, mwongozo wa mafunzo, programu ya kupanga zamu, vyote hulindwa tangu vinapotengenezwa, hata kabla hujafika COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Wazo lililomo halilindwi. Ukichora kifaa cha kudhibiti matone ya dripu, hakimiliki itamzuia mtu kunakili mchoro, lakini haitamzuia kwenda kwa fundi akatengenezewa kifaa chenyewe.

Cha kumzuia ni hataza, nayo haiji bila kuombwa. Kwa Tanzania Bara unaomba BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Ukitaka nchi kadhaa kwa ombi moja, kuna ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika. Unapeleka maelezo ya uvumbuzi, madai yanayotaja hasa unachotaka kilindwe, michoro inapohitajika, na muhtasari. Uvumbuzi uwe mpya, usiwe dhahiri kwa mtaalamu wa fani hiyo, na uweze kuzalishwa au kutumika kiwandani.

Kwenye upya ndipo kazi nzuri nyingi zinapopotea, na inauma. Ukishawasilisha mada au kuchapisha makala yenye maelezo ya kumtosha mtu kukitengeneza kifaa, umekitoa hadharani, na upya wake unaweza kuishia hapo. Kuchapisha ni wajibu wa taaluma yetu. Tanguliza ombi tu, kisha chapisha. Anayelazimika kukiona kabla ya hapo, fundi au mfadhili, asaini kwanza mkataba wa usiri. Soma pia mkataba wako wa ajira, maana uvumbuzi uliofanywa kazini huenda ni wa mwajiri.

Sheria yetu haitoi hataza kwa njia za upasuaji, tiba au uchunguzi wa ugonjwa. Namna mpya ya kushona kidonda haipati hataza; sindano mpya ya kushonea inaweza kuipata.

Famasi nako kuna la kwao. Usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, huthibitisha ubora, usalama na ufanisi wa dawa. Hausemi nani mvumbuzi wala haumpi mtu haki ya kuiuza peke yake. Panadol ni alama ya biashara, parasetamoli ni jina la dawa ambalo kila kiwanda kinaruhusiwa kulitumia. Jenariki iliyosajiliwa, yaani dawa yenye kiambato kilekile kutoka kiwanda kingine, si dawa feki.

Basi kwenye slaidi, kama umeomba na hujapewa, andika "ombi la hataza limewasilishwa". Kama hujaomba, onyesha matokeo kwa wagonjwa, na picha ya sehemu za ndani za kifaa ibaki nyumbani mpaka uombe.