Je, Wajua Kwa Nini Fedha za Kueneza Ujamaa Zilianzisha Chuo Kisichouhubiri?

Mwezi wa Agosti mwaka 1894, katika nyumba ya shamba huko Surrey, Uingereza, Sidney Webb aliwaeleza waliokuwa naye, mkewe Beatrice, Graham Wallas na George Bernard Shaw, kwamba Henry Hutchinson, wakili wa Derby na mwanachama mwenzao wa Fabian Society, chama cha wajamaa wa Uingereza, amefariki na kuacha takriban pauni 20,000. Wasia ulielekeza kwamba fedha hizo zitumiwe ndani ya miaka 10 kueneza ujamaa na kutimiza madhumuni mengine ya chama hicho, chini ya wadhamini ambao mwenyekiti wao ni Webb mwenyewe.

Sehemu ya fedha iligharimia mihadhara ya chama mikoani, lakini sehemu kubwa Webb aliielekeza kwenye chuo cha uchunguzi wa uchumi na siasa, ambacho ndicho London School of Economics, kilichofunguliwa Oktoba 1895. Mkuu wake wa kwanza, William Hewins, hakuwa mjamaa hata kidogo.

Msomaji aliyezoea mambo ya wakfu, ambako sharti la mtoaji haliguswi, atauliza kama hiyo haikuwa khiyana. Shaw naye alikasirika, akataka bendera ya ujamaa ipeperushwe waziwazi. Webb alikwenda kwa mwanasheria Richard Haldane, ambaye alimuuliza kama angali mjamaa na kama anaamini kwamba kadiri hali ya jamii inavyochunguzwa ndivyo hoja ya ujamaa inavyopata nguvu. Alipojibu ndiyo kwa yote mawili, aliambiwa aendelee.

Kulikuwa pia na sababu ya fedha: chuo kilihitaji ruzuku ya bodi ya elimu ya ufundi ya London, na fedha za umma zisingeweza kulipia propaganda. Hata hivyo, kwangu mimi jibu zito ni lile alilompa Haldane. Webb aliamini kwa dhati kwamba anayehesabu mishahara, kodi za nyumba na vifo vya watoto bila kuficha kitu hahitaji kuhubiriwa, na imani hiyo naiheshimu kuliko vijitabu elfu.

Katika miaka ya 1930 Jomo Kenyatta alisoma chuoni hapo anthropolojia chini ya Bronisław Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha utafiti wake uliotetea mila na ardhi ya Wakikuyu mbele ya wakoloni.