Je, wajua kwa nini mwandishi wa wasifu husubiri mzee anayemwandika afe?

Kuna riwaya ya Kijerumani inaitwa Ich und Kaminski, yaani Mimi na Kaminski, ya Daniel Kehlmann, ilitoka 2003, na humo kuna jamaa anaitwa Sebastian Zöllner, anaandikia magazeti mambo ya sanaa, ana miaka 31, hela hana na mpenzi wake anamtimua nyumbani. Mpango wake wa kutoka kimaisha ni mmoja tu, aandike kitabu cha maisha ya Manuel Kaminski, mchoraji mzee aliyejichimbia milimani na binti yake, halafu kitabu kiingie madukani mzee akiwa ndio kwanza amezikwa. Anapiga hesabu kabisa, kama mtu aliyeficha mahindi ghalani akisubiri bei ipande.

Unaweza kudhani mwandishi katia chumvi ili tucheke, na chumvi kweli ipo, ila sio hapo.

Sababu ya kwanza ni soko. Msanii akijificha miaka ishirini watu wanamsahau, lakini siku akifa kila gazeti linamwandika, tivii inafukua picha za zamani, makumbusho yanatoa kazi zake stoo, na wiki hizo chache ndio kitabu chake kinanunulika. Ya pili ni sheria. Uingereza na Marekani marehemu hana kesi ya kuchafuliwa jina, hiyo ni haki ya aliye hai, kwa hiyo yale mambo ambayo mwanasheria wa mchapishaji angeyapiga mstari mwekundu mzee akiwa bado anapumua, akishazikwa yanapita bila shida. (Ujerumani wao wana kinga kidogo hata kwa wafu, mwaka 1971 mahakama yao ya katiba iliacha riwaya ya Mephisto ya Klaus Mann iendelee kuzuiwa kulinda heshima ya mwigizaji Gustaf Gründgens, ambaye alishafariki 1963.)

Na sio kwamba kila wasifu unaotoka baada ya msiba ni wa tamaa jamani. Shaaban Robert alikutana na Siti binti Saad uzeeni mwake, Siti akafariki 1950, na Wasifu wa Siti binti Saad ukaja kutoka miaka kadhaa baadaye, na ukiusoma unaona mtu aliyekwenda kumsikiliza bibi. Zöllner hasikilizi. Anamhonga mtumishi wa nyumba ya Kaminski aondoke kidogo, halafu anabaki anavuta droo moja moja, anasoma barua za watu, anashuka mpaka chini ya nyumba anakuta michoro ambayo dunia haiijui, na muda wote huo anawaza jinsi yeye atakavyosifiwa. Mimi hapo ndipo niliposhindwa kujizuia kucheka, maana mzee mwenyewe naye si malaika, umaarufu wake ulilipuka pale kazi yake ilipowekwa kwenye maonyesho New York ikiwa na maelezo kwamba imechorwa na kipofu, na ukiendelea kusoma unaanza kujiuliza hivi huyu haoni kweli? Zöllner anamwambia mzee kwamba Therese, mpenzi wa ujana wa mzee huyo, bado yuko hai, anamtorosha kwa gari waende kumwona, kumbe bibi wa watu ametulia kwake anaangalia tivii na wala hamkumbuki vizuri. Mzee amepata safari ya bure. Mwandishi hajapata kitu.

Ila sasa kuna mtu ambaye Zöllner hakumpigia hesabu vizuri, naye ni mrithi. Mzee akifa jina lake halina kinga kubwa, sawa, lakini maneno yake yana mwenyewe. Hakimiliki ya barua ni ya aliyeiandika, sio ya aliyetumiwa wala ya maktaba inayoitunza, na akifa inakwenda kwa warithi, Ujerumani ni miaka 70 baada ya kifo. Ndio maana kwenye riwaya anayeamua nani aandike ni Miriam, binti yake Kaminski, na kazi anampa mwandishi mwingine.

Kitu cha aina hiyo kilishatokea kweli Marekani, tena mzee akiwa hai. Mwandishi J.D. Salinger, baada ya kutoa riwaya yake The Catcher in the Rye mwaka 1951, alihamia Cornish kule New Hampshire, na tangu 1965 hakuchapisha tena kitu. Ian Hamilton, Mwingereza aliyeshaandika maisha ya mshairi Robert Lowell (huyo alikuwa ameshakufa, mambo yakaenda vizuri), akaamua kumfuata Salinger. Akakuta barua zake kwenye maktaba za vyuo vikuu, akazinukuu. Salinger akaenda kusajili barua 79 kwa jina lake na kushtaki, Hamilton akajaribu kuyasema yaleyale kwa maneno yake, bado mwaka 1987 mahakama ya rufaa ikamkatalia, ikabidi aandike kitabu upya, kikatoka 1988 kikiwa zaidi ni hadithi ya jinsi alivyomtafuta mtu asiyetaka kutafutwa. Raha ya kesi ni kwamba hukumu yenyewe iligusa yaliyomo kwenye barua, ikiwemo ile aliyomsimanga Charlie Chaplin kwa kumuoa Oona O'Neill, binti ambaye Salinger alikuwa akimpenda, kwa hiyo siri ambazo mzee aliingia mahakamani kuzificha zikasomwa na watu wengi kuliko ambao wangenunua kitabu.

Na kama Hamilton alikuwa anasubiri mzee afe ndio aandike kwa uhuru, haikuwa hivyo. Yeye alifariki 2001 akiwa na miaka 63. Salinger aliishi mpaka Januari 2010, akafa na miaka 91.