Leseni ya redio ya ridhaa isidai Morse

Vijana wanaoniuliza kuhusu leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuwasiliana na watu kwa kujifurahisha, si kwa biashara, hapa Kisumu hutanguliza swali moja: lazima nijue Morse, herufi zinazopigwa kwa milio mifupi na mirefu? Wakongwe wengi wangependa jibu liwe ndiyo. Mimi napiga Morse karibu kila jioni, na bado nasema mtihani usiidai.

Sharti hilo lilikuwa na maana enzi zake. Meli zilizungumza kwa Morse, na mwenye redio ya ridhaa alitakiwa aelewe akiambiwa apishe masafa kwa sababu kuna chombo kinazama. Mwaka 1999 mfumo mpya wa usalama baharini ulikamilika, meli zikaachana na Morse. Mwaka 2003 mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio, Geneva, uliondoa sharti la kimataifa kwa masafa yaliyo chini ya megahezi 30, kila nchi ikaachiwa kujiamulia. Uingereza ililifuta mwaka huohuo, Marekani ikangoja hadi Februari 2007.

Leseni ipo kuwakinga watu wengine. Mtahini anatakiwa ajue kama utaivuruga televisheni ya jirani, kama utavuka mipaka ya masafa uliyopewa, na kama mlingoti wako una waya wa kupeleka radi ardhini. Hilo la mwisho si la kufanyia mzaha huku kwetu. Waulize watu wa Kisii, ambako radi hupiga mara kwa mara. Mtu anaweza kunasa maneno 20 kwa dakika bila kukosa herufi, huku antena yake imefungwa kwenye bomba la chuma juu ya mabati, bila waya wowote wa ardhi. Mtihani wa Morse hautamgundua.

Sasa mbona naing'ang'ania? Kwa sababu ya hali ya hewa ya ziwa hili. Kuanzia alasiri mawingu hujikusanya upande wa Nandi, na kila radi ipigapo humwaga kelele kwenye masafa ya chini, hata kama mvua yenyewe iko Uganda. Fungua megahezi 7 saa mbili usiku: redio inapasuka kama bisi kwenye sufuria. Sauti ya mtu inahitaji upana wa hezi 2,400 hivi, na kelele yote iliyomo ndani ya upana huo inaingia nayo. Morse inatoshwa na hezi 500, ukiweza kubana kichujio hata 250. Kwa 500 tu umeshafungia nje takriban nne kwa tano ya kelele. Ndiyo maana wati 5 na waya uliotundikwa mwembeni hufika mahali ambapo sauti ya wati nyingi zaidi inamezwa.

Kuna FT8, mfumo wa kompyuta kutumiana ujumbe mfupi kupitia redio, uliotoka 2017, na nakubali inasoma mawimbi ambayo sikio langu haliyapati kabisa. Ila inataka kompyuta, na saa isiyopotea hata sekunde mbili. Halafu, samahani, kutazama kompyuta mbili zikisalimiana hakunisisimui.

Ukitaka kujifunza, usikariri nukta na vistari kwenye karatasi. Utazoea kuhesabu, na kasi itakugomea. Anza na K na M, kila herufi ipigwe kwa kasi ya maneno 20 kwa dakika, ila acha nafasi ndefu kati yake. Zikikaa sikioni, ongeza ya tatu. Programu za bure za simu zinatosha. Na ukisikia ngurumo karibu, chomoa antena kwanza.