Kabla ya Kuingia Ziwa Mead: Upepo, Jaketi Okozi na Chombo Chako

Kila msimu wa joto unapokaribia, familia zinazozungumza Kiswahili huko Las Vegas na Phoenix hutuuliza mengi kuhusu mahali pa kuegesha gari na kuchomea nyama Ziwa Mead, lakini ni wachache mno wanaouliza kuhusu jaketi okozi.

Ziwa hili lilitokana na kuzibwa kwa Mto Colorado kwa ukuta wa Hoover, uliokamilika mwaka 1935 mpakani mwa Nevada na Arizona, na kwa sababu hiyo ufukwe wake hautulii mahali pamoja. Ule utepe mweupe kwenye majabali ni madini yaliyoachwa na maji yaliposhuka: ziwa likijaa hufika takriban mita 374 juu ya usawa wa bahari, ilhali Julai 2022 lilibaki na mita 317 hivi. Palipokuwa na maji leo pana tope linalokauka juu tu, ambalo humeza mguu hadi gotini na gari hadi kwenye ekseli.

Tunasikia mara nyingi kwamba aliyekulia Kigoma au Uvira hahitaji kufundishwa maji. Tunaheshimu uzoefu huo, lakini haumsaidii mtu pale upepo wa jangwani unapovuma ghafla kutoka nchi kavu, ukasukuma boya la mtoto hatua chache tu mbele, baba akalifuata, likazidi kusogea kila anapolikaribia, hadi anageuka na kuona ufukwe uko mbali naye pumzi imemwishia. Mwacheni mtoto alilie boya lake. Chini ya ukuta wa Hoover hatari ni nyingine, kwa kuwa maji hutolewa kwenye kina na hubaki na nyuzi 12 hivi za Selsiasi hata hewa ikipita nyuzi 40, na baridi hiyo hukata pumzi papo hapo.

Kisheria, kila aliyemo chomboni lazima awe na jaketi linalomtosha, na mtoto wa chini ya miaka 13 alivae muda wote chombo kikiwa safarini, isipokuwa akiwa ndani ya kebini. Anayeendesha chombo akiwa amelewa anaweza kufungwa hadi miezi 6 na kutozwa faini ya hadi dola 5,000, na kusema kwamba ziwani hakuna barabara si utetezi.

Mwisho ni kome vamizi wa kwaga, waliogunduliwa hapa Januari 2007, ambao mabuu yao hayaonekani kwa macho, hivyo chombo chako kinaweza kuwabeba hadi maji mengine bila wewe kujua. Unapotoka majini, chomoa kizibo cha chombo, mwaga maji yote, ondoa magugu na matope hata kwenye nanga na kamba, safiri kizibo kikiwa kimechomolewa, kisha kausha chombo kwa siku 5 au zaidi kabla ya kukiingiza kwenye maji mengine.