Katuni zinazoitania Star Wars si kazi ya wizi
Wapo wanaoamini kwamba katuni za vichekesho zinazoziiga filamu za Star Wars hutengenezwa kwa kuibia, na kwamba George Lucas, aliyezibuni filamu hizo za vita vya anga za juu, angewashtaki watengenezaji laiti angejua. Alijua. Mwaka 2007, Robot Chicken, ile katuni ya vikaragosi vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, ilipotoa kipindi maalumu cha kuitania Star Wars, Lucas alitia sauti ya mhusika anayeitwa, ndiyo, George Lucas.

Septemba ya mwaka huohuo katuni nyingine, Family Guy, ikarusha kipindi kiitwacho "Blue Harvest", ikiisimulia upya filamu ya 1977: Peter, baba wa familia ya katuni hiyo, ndiye shujaa Han Solo, na Stewie, mwanawe (kitoto kile!), ndiye yule mwovu Darth Vader. Kampuni ya Lucas, Lucasfilm, iliridhia. Ni kweli sheria ya Marekani huupa utani nafasi. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya huko ilisema mzaha juu ya kazi ya mtu unaweza kuwa matumizi halali hata bila idhini. Ila "unaweza" si sawa na "ni lazima", na anayeichukua hadithi nzima pamoja na wahusika wake hufanya busara akibisha hodi kwanza.

Hata jina hawakulibuni wachekeshaji. Blue Harvest lilikuwa jina bandia lililotumika wakati Return of the Jedi, filamu nyingine ya Star Wars, ikipigwa picha Marekani, ili mashabiki wasijazane na wauzaji wasiwapandishie bei watengenezaji wa filamu.