Kupigwa msasa na kulelewa: maana ya ulezi wa wanataaluma chuo kikuu

Vyuoni kwetu kuna maneno mawili ambayo watu huyatumia kana kwamba ni mamoja. Wahadhiri wapya "wamepigwa msasa": wamekaa ukumbini siku mbili tatu, wamefundishwa kutunga mitihani au kusimamia tasnifu, wamepiga picha ya pamoja na kuondoka na cheti. Mhadhiri "amelelewa" na profesa fulani: hapo linasemwa jambo la miaka. Dhana ya ulezi wa wanataaluma imo ndani ya neno hili la pili, na humo ndimo wanamotoka wakuu wa idara, maamidi (wakuu wa shule kuu) na marasi (wakuu wa ndaki, yaani vyuo vidogo vilivyomo ndani ya chuo kikuu).

Msasa kwa asili ni mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya dukani ikarithi jina. Kazi yake ni kung'arisha ubao uliokwisha kuchongwa, na ni kazi ya maana. Siku mbili za kujifunza mfumo mpya wa kuingiza matokeo humrudisha mtu ofisini na kitu mkononi. Ila mhadhiri wa mwaka wa kwanza bado ni mche, na mche haupigwi msasa.

Kwa maneno mepesi, ulezi wa wanataaluma ni yale yote ambayo chuo hufanya kwa makusudi ili mwalimu wake akue katika kufundisha, kutafiti na kuitumikia jamii, kuanzia siku anaporipoti kazini hadi anapostaafu. Sehemu yake mojawapo, ambayo vyuo vingi huikumbuka ikiwa imeshachelewa, ni kumwandaa mwalimu huyo kuwaongoza wenzake. Neno zito hapo ni "kwa makusudi". Ulezi wa bahati upo kila mahali: ukiangukia kwa mwandamizi mwenye moyo, umepona, ukiangukia kwa asiyejali, utajijua mwenyewe.

Tuanzie chini. Tanzania, mhitimu huingia kazini akiwa mkufunzi msaidizi, na sharti linalotajwa kwenye matangazo ya kazi ni GPA, yaani wastani wa alama zake zote, isiyopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza. Akiwa na shahada ya umahiri, yaani ya pili, yenye 4.0 au zaidi, anakuwa mhadhiri msaidizi. Uzamivu, yaani shahada ya udaktari, humfanya mhadhiri, na kutoka hapo ni machapisho na miaka: mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Ngazi hii hupima vizuri uwezo wa mtu kusoma na kuandika. Haisemi lolote kama ataweza kusimama mbele ya wanafunzi 300 saa moja asubuhi, kipaza sauti kimekata, na wa nyuma wakaelewa.

Aliyenilea mimi alikuwa na desturi moja. Mara mbili kwa muhula aliingia darasani kwangu bila taarifa, akakaa mstari wa mwisho, hana daftari wala kalamu. Kipindi kikiisha tulitembea pamoja kwenda kunywa chai, na njia nzima tukazungumza mengine, bei ya mahindi, mpira. Tukishakaa ndipo aliuliza swali lake, moja tu. Siku ya kwanza lilikuwa hili: "Yule binti wa mstari wa tatu, mwenye kilemba cha kijani, alitaka kuuliza nini?" Sikuwa nimemwona kabisa huyo binti. Dakika hamsini nzima nilikuwa nazungumza na slaidi zangu. Wiki iliyofuata nikaanza kutazama nyuso.

Mambo mengine ya ulezi ni ya namna hiyohiyo, madogo na ya kurudiwarudiwa. Mwandamizi anasoma rasimu ya makala kabla haijatumwa jaridani, na anakaa tena na mwandishi wake siku inaporudi imekataliwa. Kijana anawekwa kuwa msimamizi wa pili wa tasnifu kabla hajakabidhiwa wanafunzi wake mwenyewe. Anapewa kozi mbili badala ya nne mwaka anaoandika uzamivu wake. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu kozi alizopunguziwa lazima mtu mwingine azibebe, na idara nyingi hazina huyo mtu.

Sasa tuje kwenye uongozi. Uongozi wa kitaaluma ni kuwaongoza watu ambao kwa elimu mko sawa, na baadhi yao wamekuzidi. Mkuu wa idara haajiri wala hafukuzi. Aghalabu hupendekeza tu. Nguvu yake ni kuaminiwa, na kuzijua kanuni za chuo kuliko wenzake. Tena anaowaongoza wana uhuru wa kitaaluma, uhuru ambao jumuiya za wanataaluma nchini ziliuweka kwenye maandishi katika Azimio la Dar es Salaam la mwaka 1990. Huwezi kumwamuru profesa atafiti nini au afikie hitimisho gani. Unachoweza ni kuhakikisha anafundisha, anasahihisha, na matokeo yanafika kwa wakati.

Hebu tulitazame hilo la matokeo kwa karibu. Mkuu wa idara mwenye miaka 41 ana bodi ya mitihani, kikao cha kupitisha matokeo, Alhamisi, mtahini wa nje kutoka chuo kingine ameshafika, na kozi moja haina alama. Mwenye kozi ndiye profesa aliyemsimamia yeye uzamivu. Anagonga mlango.

"Shikamoo Prof."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Anakaa, na hakuna kanuni ya chuo inayomwambia aanzeje. Akitumia ukali, atakuwa amemkosea adabu mwalimu wake, na jengo zima litajua kabla ya saa nane. Akinyamaza, wanafunzi 120 watakaa bila matokeo, na wahadhiri wengine watajifunza kwamba kuchelewa ni ruksa kwa wakubwa. Niliowaona wakiliweza jambo hili huenda mapema, wiki tatu kabla, wakiwa wamemtafutia Prof mkufunzi msaidizi wa kumsaidia kujumlisha alama, na wakiwa na tarehe iliyokubaliwa na kikao kizima cha idara, Prof mwenyewe akiwemo. Mlangoni hawaendi kudai, wanakwenda kukumbusha. Ustadi huu mtu huupata kwa kumwona mwingine akiufanya, mara nyingi, akiwa bado hana cheo.

Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inaonyesha jinsi wazo la nani aongoze wasomi lilivyobadilika. Kilianza Oktoba 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kitivo cha sheria peke yake, wanafunzi 14, katika jengo la TANU, chama tawala cha wakati huo, mtaa wa Lumumba. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mkanada, Cranford Pratt; akafuata Wilbert Chagula, Mwafrika wa kwanza kukiongoza. Kilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye mtendaji mkuu, alitoka kwenye chama: Pius Msekwa, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa TANU. Waliomfuata, Ibrahim Kaduma na Nicholas Kuhanga, walitoka serikalini. Mwaka 1988 kiti kikaenda kwa profesa, Geoffrey Mmari wa elimu ya hisabati, ambaye baadaye alikuwa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Baada yake Matthew Luhanga, mhandisi, alikaa miaka 15, tangu 1991 hadi 2006. Kwa taifa changa, chuo kikuu kilikuwa chombo cha kujenga nchi na kiongozi wake alitazamwa hivyo. Ilichukua muda kukubalika kwamba kiongozi wa wasomi anaweza kuchipua darasani.

Na huku chini idarani, kazi ya ulezi ilikuwa ikiendelea. Wahitimu bora walibakizwa kuwa wakufunzi wasaidizi, wakapelekwa ng'ambo kuchukua umahiri na uzamivu, wakarudi kushika nafasi za wageni. Walimu wengi waliotufundisha walipita njia hiyo. Kisha njia ikafungwa. Miaka ya 1990, chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi, ajira nyingi za umma zilisitishwa, vyuo vikuu vikiwemo. Piga hesabu: kijana wa miaka 27 ambaye angeajiriwa mwaka 1995 leo angekuwa amevuka hamsini, umri hasa wa kuwa amidi au rasi. Hakuajiriwa. Ndiyo maana idara nyingi zikawa na wazee wanaohesabu siku za kustaafu na vijana wanaoanza, katikati hakuna kitu. Mwaka 2018 sheria ilipowaongezea maprofesa na wahadhiri waandamizi umri wa kustaafu kutoka miaka 60 hadi 65, idara zilipata pumzi. Lakini pumzi ya miaka mitano ni ndogo. Ukishangaa kwa nini mhadhiri mwenye miaka sita tu kazini amekabidhiwa idara, jibu liko hapo.

Mtu huandaliwa vipi basi? Kwa kupewa majukumu madogo yenye uzito wa kweli. Anaanza kuwa katibu wa kikao, anajifunza kwamba uamuzi usioandikwa haukufanyika. Anakuwa mratibu wa mitihani, anajua uchungu wa alama zilizochelewa kabla ya kuzidai kwa wengine. Anakuwa mratibu wa uzamili, yaani masomo ya baada ya shahada ya kwanza, anakutana na mwanafunzi wa mwaka wa tano ambaye msimamizi wake hapokei simu. Anakaimu wiki mbili bosi akiwa safarini. Kila hatua awepo mtu wa kumuuliza. Wanawake wapewe nafasi hizi kwa hesabu ileile: nimeona mara nyingi wakipewa kamati ya hafla huku ya bajeti ikienda kwa mwingine, halafu miaka kumi baadaye mtu anauliza kwa nini hakuna mwanamke mwenye uzoefu.

Fedha nazo zipo zaidi ya zamani. Mradi wa HEET wa elimu ya juu nchini Tanzania, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, unajenga madarasa na maabara na pia unasomesha wahadhiri wa vyuo vya umma. Naomba sana hilo la pili lisimezwe na la kwanza, maana jengo lina utepe wa kukatwa na ulezi hauna. Mfano ninaoupenda ni CARTA, muungano wa vyuo vikuu na vituo vya utafiti vya Afrika ulioanza mwaka 2008, wenye makao Nairobi. Wanaochukuliwa kusoma uzamivu ni watu ambao tayari wameajiriwa vyuoni mwao, na hukutana katika semina nne za pamoja njia nzima ya masomo. Wasimamizi wao nao hupewa mafunzo. Hilo la wasimamizi ndilo linaloniridhisha, kwa sababu hakuna anayezaliwa akijua kulea.

Kuna upande wa mwisho unaosahauliwa kabisa, nao ni kushuka. Ukuu wa idara ni wa muda. Muhula ukiisha, mtu anarudi kuwa mhadhiri kama wengine. Siku ya makabidhiano anampa mrithi faili za bajeti, orodha ya wanafunzi wa uzamili na hatua waliyofikia, funguo za stoo. Kisha anarudi kwenye ofisi yake ya zamani, mlango wa nne kushoto, na kukuta kwamba kwa miaka yote ile hakuchapisha makala hata moja. Wenzake walioajiriwa naye wameshakuwa maprofesa washiriki, yeye bado mwandamizi. Chuo kinachojua maana ya ulezi humpa mwaka mmoja wa likizo ya utafiti, kozi moja badala ya tatu, na nauli ya kwenda kuhojiana upya na watu wa utafiti wake. Vijana wa idara wanaangalia atakavyotendewa, na hapo wanaamua kama barua ya uteuzi ikiwafikia wao wataipokea.