Bolti ya keria ikikatikia ndani ya fremu

Baiskeli za mtumba zenye fremu ya alumini ninazoletewa hapa Moshi zina ugonjwa mmoja unaojirudia: bolti ya chini ya keria, ile iliyo karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma, inakatika na kipande kinabaki ndani ya fremu. Pale pana tundu dogo lenye uzi wa M5, yaani wa bolti yenye unene wa milimita 5. Keria nyingi za aina hii zimeandikwa mwisho kilo 25. Mkungu mmoja wa ndizi ulioshiba unaweza kuzidi hapo, na watu wanateremka na miwili kutoka Kibosho au Uru hadi soko la Mbuyuni.

Lakini si uzito peke yake unaokata. Usitupe kichwa cha bolti kilichokatika. Kifute, ukitazame juani. Mara nyingi utaona upande mmoja laini, umefifia, pengine kutu imeshaingia, na mistari iliyopinda ikifuatana. Upande wa pili ni wa chengachenga na unang'aa. Ule laini ni ufa uliokuwa ukitembea polepole kwa muda mrefu. Ule unaong'aa ndio uliokuwa umebaki kubeba mzigo wote siku ile ilipokatika. Bolti hiyo imechoka, na bolti huchoka upesi ikiwa imelegea. Ikiwa imekazwa sawasawa, keria inabanwa kwenye fremu na msuguano wa vyuma hivyo viwili ndio unaobeba mzigo. Ikilegea, keria inacheza, na kila jiwe la barabarani linaikunja bolti huku na huku.

Kijana mmoja wa ndizi aliniambia, "Fundi, safari hii kaza mpaka basi." Nikamwambia, "Mdogo wangu, hapana, tutachuna uzi wa fremu." M5 kwenye alumini inataka kama nyutoni mita 5 tu, kipimo cha nguvu ya kukaza. Kwa aleni fupi ya namba 4, ufunguo ule wa pembe sita, hiyo ni nguvu ya vidole, si ya bega.

Sasa kutoa kipande. Fungua gurudumu kwanza, kwa sababu matundu mengi ya keria yametoboka hadi upande wa ndani. Safisha, weka mafuta ya kulegeza kutu, uache yalale humo usiku kucha: chuma na alumini vikikaa pamoja kwenye unyevu hutengeneza unga mweupe unaong'ang'ania kuliko kutu ya kawaida. Kama kipande kimechomoza, kipige tupa pande mbili kiwe bapa, ukibane kwa vaisigripu, koleo inayojifunga, na kukizungusha taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo. Kama kiko sawa na uso wa fremu lakini tundu limepita, chonga mfereji mwembamba juu yake, utie bisibisi, ukizungushe kama unayekaza. Kitatokea ndani, upande wa gia. Njia hii wengi wanaisahau, nami naipenda kuliko zote kwa sababu haigusi uzi wa fremu.

Kikigoma, ndipo drili. Sawazisha uso kwa tupa, piga alama katikati kabisa kwa senta panchi, anza na biti ya milimita 2.5. Ukikosa katikati, biti itakimbilia kwenye alumini kwa kuwa ni laini kuliko bolti, kwa hiyo hapa usiharakishwe na mteja aliyesimama. Ongeza mpaka 4.2, kisha pitisha tepu (chombo cha kukata uzi) ya M5 yenye hatua ya 0.8, yaani milimita 0.8 kati ya uzi na uzi, kutoa mabaki, ukitumia mafuta ya taa kidogo: nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Vile vyuma vya kung'olea bolti, vyenye uzi wa kinyume, sivitumii kwenye M5. Ni vigumu lakini vinavunjika, na kikivunjikia ndani biti ya kawaida haikiwezi. Kwa fundi wa kuchomelea pia usipeleke fremu ya alumini. Joto linalainisha alumini ya pale tundu lilipo.

Uzi ukiwa umekufa na nyama ya pembeni inatosha, toboa kwa 5.0 uingize M6, hatua ya 1.0. Bolti hizo zipo hata kwenye spea za pikipiki.

Bolti mpya nachukua yenye alama ya nguvu ya 8.8 kichwani, au ya stenlesi iliyoandikwa A2-70, ambayo ina nguvu pungufu kidogo lakini haishiki kutu. Isiyo na alama yoyote siiweki chini ya mzigo. Urefu upime kwa makini: ijaze uzi wote wa tundu, lakini isichomoze ndani ikagusa mnyororo ukiwa kwenye gia ndogo. Weka washa, na tone la gundi ya bluu ya uzi, ambayo inashika lakini bado inafunguka kwa aleni ya kawaida.

Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo ikaze tena, maana rangi na washa vinakuwa vimekaa mahali pake. Na bolti ya upande wa pili, hata kama inaonekana nzima, ibadilishe siku hiyohiyo. Ilibeba mizigo ileile, na tangu mwenzake alipokatika ilibeba peke yake.